Chembe sahani za damu kwa mtu mwenye utumbo uliovimba

Kwa mtu wa Mwanza anayeharisha damu, wa kwanza kushtakiwa ni ziwa, na mara nyingi ziwa lina hatia kweli. Kichocho cha tumbo kinacholetwa na Schistosoma mansoni kimeenea katika mwambao wetu wote, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, na mtu aliyekulia katika kuogelea, kuchota maji na kuvuta nyavu ana kila sababu ya kupimwa choo na kupewa prazikwanteli kabla ya kufikiriwa jambo jingine. Baada ya kichocho hufikiriwa amiba, kisha homa ya matumbo, na kwa aliyekonda sana, kifua kikuu cha utumbo. Wapo hata hivyo watu wachache ambao choo chao hakionyeshi yai wala kimelea, ambao dawa zote hizo wamekwisha kuzimeza na kuzirudia, na bado damu na makamasi vinaendelea kutoka mwezi baada ya mwezi. Miongoni mwao wamo wenye ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, na katika karatasi zao za majibu kuna mstari mmoja ambao nimezoea kuutafuta kabla ya mistari mingine, nao ni mstari wa chembe sahani, yaani vipande vidogo vya damu vinavyoziba majeraha ya mishipa.

Mimi ni mtu wa maabara, na hakuna kipimo kinachopita mikononi mwangu mara nyingi kama picha kamili ya damu. Katika kanda hii ya ziwa macho yetu yamefundishwa kuogopa chembe sahani chache. Malaria huzipunguza. Virusi vya UKIMWI vinaweza kuzipunguza. Kichocho cha muda mrefu, kikishaharibu ini na kuifanya bandama ivimbe, huzipunguza kwa njia yake ya pekee: kwa mtu mzima wa afya bandama huhifadhi takriban theluthi moja ya chembe sahani zote, lakini bandama iliyokua kupita kiasi inaweza kuzishikilia nyingi mno kiasi kwamba zinazobaki kuzunguka mwilini ni kidogo tu. Kwa hiyo tarakimu ya 60,000 humshtua kila mtu, wakati tarakimu ya 580,000 hupewa alama na mashine kuwa imepanda, kisha jicho la msomaji huteremka au kupanda kwenye hemoglobini na mambo yakaishia hapo. Naona huko ni kupoteza habari muhimu, kwa sababu kwa mgonjwa mwenye utumbo uliovimba chembe sahani nyingi zinafanya zaidi ya kutangaza kwamba kuna ugonjwa. Zenyewe zinashiriki kuukuza, na zinabeba hatari ambayo damu inayotoka chooni huificha isionekane.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Kwa uvimbe hapa sikusudii donge wala saratani, bali hali ya kinga ya mwili kuamka na kukataa kutulia hata pale ambapo hakuna adui wa kupigana naye, hadi ukuta wa utumbo unakuwa mwekundu, unatutumka na kuchubuka. Aina zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo daktari Samuel Wilks wa London aliieleza mwaka 1859. Hii hushika utando wa ndani wa utumbo mpana peke yake, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopata jina hilo baada ya Burrill Crohn pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer kuuandika huko New York mwaka 1932. Huu unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia ya chakula, huruka sehemu nzima na kuacha nyingine, na huzama katika unene wote wa ukuta wa utumbo, ndiyo maana huacha mahali palipobana na matundu yanayounganisha viungo visivyopaswa kuunganishwa. Chanzo chake si kimoja. Urithi, bakteria wa utumboni, mazingira na kinga hukutana kwa mtu mmoja na kukosa kupatana. Kwa miongo mingi magonjwa haya yalihesabiwa kuwa ya watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, lakini sasa yanaongezeka pia katika nchi ambazo miji yake inakua na mlo wake unabadilika, na ni wazi kwamba hayawezi kuonekana mahali ambapo hakuna kamera ya kuingizwa katika utumbo mpana na mtaalamu wa kuchunguza kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kutoka utumboni, kwa darubini.

Chembe sahani nazo si seli kamili. Ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho ziitwazo megakariosaiti. Havina kiini, upana wake ni mikromita 2 hadi 4 tu, na vinaishi siku 7 hadi 10 kabla ya kuondolewa. Mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na vitabu hutaja kiwango cha kawaida kuwa 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita ya damu, ingawa vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima wenye afya wa Afrika Mashariki vimeonyesha viwango vilivyo chini kidogo ya hivyo. Jambo hilo la mwisho si dogo. Linamaanisha kwamba mtu wa kwetu anayesomeka 430,000, ambaye mashine haitampa alama yoyote, huenda kwa mwili wake amekwisha kupanda.

Mwaka 1882 Mwitalia Giulio Bizzozero alionyesha kwamba vipande hivi ni sehemu halisi ya damu inayojitegemea na kwamba vyenyewe hukimbilia mahali mshipa ulipojeruhiwa. Tangu hapo kazi yake ikajulikana kuwa kuziba jeraha, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kujua zaidi. Ilichukua miaka mingi kukubalika kwamba ndani ya kipande hicho kidogo kuna vifuko vilivyojaa kemikali za kila namna. Vifuko vya alfa vina protini zinazoita seli nyeupe, protini za kunata na zile za kuotesha mishipa na makovu. Vifuko vizito vina serotonini, kalsiamu na nukleotidi zinazoziamsha chembe sahani nyingine. Juu ya ngozi yake chembe sahani ina vipokezi vya aina ya Toll, vilevile vinavyotumiwa na seli za kinga kutambua vipande vya bakteria. Hivyo basi chombo tulichokidhania kuwa cha kuziba matundu kina uwezo wa kunusa maambukizi na kupiga mbiu.

Sasa kwa nini hupanda utumbo unapovimba? Madaktari watatu wa Chicago, Morowitz, Allen na Kirsner, waliandika mwaka 1968 kwamba wagonjwa wenye uvimbe sugu wa utumbo huwa na chembe sahani nyingi, hasa ugonjwa unapowaka. Mwanzoni ilionekana kuwa ni matokeo ya kupoteza damu tu. Njia yenyewe ilikuja kueleweka baadaye: seli za kinga zilizoko katika ukuta wa utumbo humwaga intalukini-6, kemikali ya kupeleka habari za uvimbe, nayo hufika kwenye ini na kulifanya litengeneze kwa wingi homoni ya trombopoietini, na homoni hiyo huenda kwenye uboho na kuzihimiza megakariosaiti zikue na kumeguka. Kundi la watafiti wa Innsbruck, Austria, lilionyesha mlolongo huo mwaka 2001. Kwa hiyo tarakimu iliyopanda kwenye karatasi ni sauti ya utumbo iliyopitia ini na uboho kabla ya kutufikia sisi wa maabara.

Kuna njia ya pili, na kwa hapa kwetu nadhani ina uzito zaidi kuliko inavyopewa. Upungufu wa madini ya chuma pekee, hata bila uvimbe wowote, hupandisha chembe sahani. Mgonjwa anayepoteza damu chooni kila siku huishiwa chuma. Uvimbe nao huzuia chuma kufyonzwa kutoka kwenye chakula. Na kama mtu huyo amekulia penye minyoo ya safura na malaria, akiba yake ilikuwa ndogo tangu awali. Watafiti wa Vienna walilipima jambo hili kwa jaribio waliloliita ThromboVIT, lililochapishwa mwaka 2013: waliwachukua wagonjwa wa uvimbe wa utumbo waliokuwa na chembe sahani nyingi, wakawapa baadhi yao chuma kwa njia ya mshipa na wengine dawa bandia, na waliopata chuma walishuka tarakimu zao, tena na dalili za chembe sahani kuamshwa nazo zikapungua. Ndiyo maana nikiona chembe sahani 600,000 pamoja na seli nyekundu ndogo zilizopauka, siwezi kusema kwa hakika ni sehemu gani ya kupanda huko imetokana na utumbo na ni sehemu gani imetokana na njaa ya chuma, mpaka feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, ipimwe. Hata feritini yenyewe hudanganya, kwa kuwa nayo hupandishwa na uvimbe. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake unawaka, feritini iliyo chini ya mikrogramu 100 kwa lita bado inaweza kumaanisha upungufu.

Wingi hata hivyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba chembe sahani za wagonjwa hawa huzunguka zikiwa zimekwisha kuamka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha hivyo, na ulionyesha pia kwamba kuamka huko hakuishi hata kwa wagonjwa ambao wakati huo hawakuwa na dalili kali. Chembe sahani iliyoamka hubadili umbo, huchomoza vidole, na hutoa juu ya ngozi yake protini iitwayo P-selektini ambayo muda wote ilikuwa imefichwa ndani ya vifuko. P-selektini hushika seli nyeupe. Nyutrofili na monosaiti zilizokuwa zikipita na mkondo wa damu hunaswa, hupunguzwa mwendo, huviringika juu ya ukuta wa mshipa, kisha hupenya kuingia kwenye nyama ya utumbo. Wavuvi wa huku wataelewa nikisema chembe sahani zilizoamka hufanya kazi ya kokoro: hukokota kila kilichoko njiani, kiliwe au kisiliwe, na utumbo hujaa seli nyeupe ambazo hakuna bakteria aliyezihitaji.

Protini nyingine inayostahili kutajwa ni ile iitwayo ligandi ya CD40. Sehemu kubwa kabisa ya ligandi hii inayoelea katika damu hutoka kwenye chembe sahani. Ikigusa utando wa ndani wa mishipa midogo ya utumbo, utando huo nao huanza kuotesha vishikizo na kumwaga kemikali za kuita seli nyeupe. Silvio Danese na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba chembe sahani za wagonjwa wa Crohn na wa kolaitisi ya vidonda zina ligandi hii kwa wingi kuliko za watu wenye afya, na kwamba zinaweza kuuamsha utando wa mishipa ya utumbo zenyewe. Hapo mduara unafungika: utumbo unaziamsha chembe sahani, chembe sahani zinauamsha mshipa, mshipa unaziita seli nyeupe, seli nyeupe zinaumwagia utumbo kemikali, na utumbo unaziamsha tena chembe sahani zinazopita.

Serotonini nayo ina hadithi yake. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili hutengenezwa utumboni, na chembe sahani, ambazo haziwezi kuitengeneza, huichukua zinapopita huko na kuihifadhi. Zikiamshwa huimwaga, na kazi yake hapo ni kuibana au kuilegeza mishipa, kuongeza nguvu ya damu kuganda na kuziita seli za kinga. Nalitaja tu kwa sababu watu wengi wameisikia serotonini ikihusishwa na furaha na huzuni, na hawajaisikia ikihusishwa na choo.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akizichukia chembe sahani. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilionyesha kwa panya kwamba chembe sahani zikiondolewa, sehemu iliyovimba huanza kuvuja damu ingawa hakuna jeraha lililokatwa, wakati sehemu isiyovimba haivuji. Maana yake ni kwamba seli nyeupe zinapopenya ukuta wa mshipa huacha matundu, na chembe sahani ndizo zinazoyaziba moja moja, kimya kimya, bila kutengeneza bonge kubwa. Aidha vifuko vya alfa vina vichocheo vya kuponyesha jeraha na kuotesha mishipa mipya, na utumbo uliojaa vidonda unahitaji vyote viwili. Vichocheo hivyohivyo vikikaa muda mrefu huacha kovu, na kovu katika utumbo mwembamba wa mgonjwa wa Crohn ndilo linaloleta mbano. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya msingi inayofanya wazo la kuzizima chembe sahani ili kutibu utumbo lisifike mbali: chombo kinachouchochea moto ndicho kinachozuia nyumba isivuje, na dawa tulizonazo haziwezi kuchagua upande mmoja.

Mfano ulio karibu ni aspirini. Aspirini huizima chembe sahani kwa maisha yake yote yaliyobaki, kwa sababu kipande hicho hakina kiini cha kukiwezesha kutengeneza upya kimeng'enya kilichoharibiwa. Mtu angeweza kudhani kwamba basi ndiyo dawa. Lakini dawa za jamii hiyo, zikiwamo ibuprofeni na diklofenaki ambazo katika mtaa wowote wa Nyamagana au Ilemela unaweza kuzinunua duka la dawa bila swali, hudhoofisha kinga ya utando wa njia ya chakula na kwa baadhi ya wagonjwa huamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Mwenye uvimbe wa utumbo anayeumwa viungo, na wengi wao huumwa viungo, asikimbilie diklofenaki kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mama mmoja kutoka Ukerewe, ambaye binti yake alikuwa amelazwa kwa kolaitisi ya vidonda iliyowaka vibaya, alikuja dirishani kwetu kufuata majibu, na baada ya salamu akaniuliza: "Mwanangu, huyu mtoto damu inamtoka kila akienda chooni, mbona wanamchoma sindano ya kuifanya damu isigande? Si watanimalizia?" Nilimjibu, "Mama, swali lako ni la haki kabisa, na daktari anapaswa kukueleza kitandani kwa mgonjwa," kisha nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza. Nitalieleza hapa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa dirisha la maabara si mahali pa somo refu.

Damu inayotoka chooni hutoka kwenye vidonda vya utando wa utumbo. Damu inayozunguka kwenye mishipa mikubwa ya miguu, ya nyonga na ya ini ni habari tofauti, na hiyo, kwa mgonjwa huyu, imeelekea kuganda. Chembe sahani ni nyingi na zimeamka. Ini, kwa amri ileile ya intalukini-6, limeongeza fibrinojeni, protini ya kugandisha damu. Utando wa mishipa umepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzuia kuganda. Mgonjwa amelala kitandani, amepungukiwa maji kwa kuharisha, na mara nyingi anapewa dawa za jamii ya predinisoloni ambazo nazo huongeza hatari. Madaktari Bargen na Barker wa Marekani waliandika kuhusu mabonge makubwa ya damu kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda tangu mwaka 1936. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa Uingereza kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 13,000 ulionyesha kwamba hatari ya bonge la damu kwenye vena kwa wenye ugonjwa huu ni takriban mara tatu ya watu wengine, na wakati ugonjwa unapowaka hupanda hadi karibu mara nane. Bonge likianzia mguuni linaweza kukatika, likapanda hadi kwenye mapafu na kumuua mtu ambaye utumbo wake ulikuwa umeanza kupona.

Kwa sababu hiyo miongozo ya tiba ya ugonjwa huu inashauri mgonjwa aliyelazwa kwa kuwaka kwa ugonjwa apewe heparini, ile dawa ya kuifanya damu isigande, ya kiwango cha kinga, chini ya ngozi, isipokuwa kama anavuja damu kwa wingi wa kuhatarisha maisha. Kiwango hicho ni kidogo, na uzoefu wa tafiti ni kwamba hakiongezi kwa kiasi cha maana damu inayotoka utumboni. Wakati fulani kulikuwa na matumaini makubwa zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliripotiwa kwamba wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda waliopewa heparini kwa sababu ya mabonge walipata nafuu ya utumbo wenyewe, na watu wakadhani tiba mpya imepatikana. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha hivyo. Heparini ikabaki kuwa kinga dhidi ya bonge, na hapo inatosha.

Hatari hii haiishii wodini. Ugonjwa unaweza kuwaka mtu akiwa nyumbani, na kwa sehemu kubwa hakuna anayempa sindano huko. Fikiria mgonjwa wa Mwanza aliyeandikiwa rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya uchunguzi au dawa ambazo hazipatikani karibu. Basi hutembea zaidi ya kilomita 1,000, abiria amekunja magoti, na kwa kuogopa kuomba basi lisimame porini huacha kunywa maji tangu jioni iliyotangulia. Upungufu wa maji, kukaa bila kusogeza miguu na ugonjwa unaowaka ni mambo matatu ambayo kila moja peke yake huisukuma damu kuelekea kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, mtu huyo asisubiri kufika kwao. Aingie hospitali iliyo karibu na aseme tangu mlangoni kwamba ana ugonjwa wa utumbo.

Narudi kwenye kazi yangu, kwa sababu tarakimu ya chembe sahani si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mashine nyingi za kuhesabu hutofautisha seli kwa ukubwa wake zinapopita kwenye tundu dogo. Mgonjwa aliyeishiwa chuma sana ana seli nyekundu ndogo mno, nyingine zikiwa vipande, na vipande hivyo vinaweza kuhesabiwa kuwa chembe sahani. Tarakimu hupanda kwa uongo. Kinyume chake pia hutokea: kwa baadhi ya watu dawa ya EDTA, ya kuzuia damu isigande, iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau huzifanya chembe sahani zishikamane makundi, mashine ikayaruka makundi hayo, na mtu mwenye afya akaonekana ana 40,000. Kwa hali zote mbili dawa yake ni ileile ya zamani, yaani tone la damu kwenye kioo, rangi, na jicho kwenye darubini. Huwa nasikitika kuona jinsi mashine zilivyotufanya wavivu wa kutengeneza vioo.

Mashine hutoa pia wastani wa ukubwa wa chembe sahani, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazamii. Kwa kawaida chembe sahani changa ni kubwa, hivyo mtu angetegemea kwamba uboho ukizizalisha kwa kasi wastani ungepanda. Katika uvimbe wa utumbo unaowaka wastani huo huelekea kushuka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba zile kubwa, ambazo ndizo zenye nguvu zaidi, hutumika na kumalizikia kwenye mishipa ya utumbo, zikibaki ndogo ndizo zinazofika kwenye chupa yetu. Wastani huu peke yake hauthibitishi ugonjwa, lakini tarakimu iliyopanda pamoja na wastani ulioshuka ni jozi ninayoiheshimu.

Tena isidhaniwe kwamba chembe sahani nyingi humtenganisha mwenye Crohn na mwenye kifua kikuu cha utumbo. Kifua kikuu nacho ni uvimbe, nacho humwaga intalukini-6, nacho hupandisha chembe sahani, na hupenda kukaa palepale penye mwisho wa utumbo mwembamba ambapo Crohn hupenda kukaa. Kumpa mwenye kifua kikuu dawa za kuzima kinga kwa kudhani ana Crohn ni jambo la hatari kubwa, kwa hiyo katika nchi yetu swali hilo lazima lijibiwe kwa kinyama, kwa picha ya kifua na kwa vipimo vya vimelea, wala si kwa picha ya damu. Mahali ambapo mstari wa chembe sahani unasaidia ni mapema zaidi, pale mtu mwenye kuharisha kwa muda mrefu anapoambiwa kwa mara nyingine tena kwamba ni "tumbo tu" au mawazo. Tumbo linalosumbuliwa na mawazo, bila ugonjwa mwingine, halipandishi chembe sahani. Zikiwa juu, hemoglobini ikiwa chini na choo kikiwa hakina kimelea, mtu huyo anastahili kupelekwa penye kamera, na kabla ya hapo, ikiwezekana, kupimwa kalprotektini, protini ya seli nyeupe inayoonyesha uvimbe wa utumbo, kwenye choo.

Ipo hali moja ya hapa ziwani inayoweza kuuficha mstari huu kabisa. Mtu anaweza kuwa na uvimbe wa utumbo na papo hapo akawa na bandama kubwa ya kichocho cha utotoni. Uboho wake unazizalisha chembe sahani kwa wingi, bandama inazishikilia, na karatasi inasoma 220,000, tarakimu nzuri isiyomshtua yeyote. Ndiyo maana karatasi za miaka iliyopita zina thamani kwangu kuliko alama ya mashine: mtu aliyekuwa akisomeka 110,000 kila alipopimwa, kisha akasomeka 220,000 akiwa anaharisha damu, amepanda mara mbili, hata kama kitabu kinasema yuko sawa.

Tiba ikishika, iwe ni mesalazini, salfasalazini, azathioprini au zile sindano za kuzuia kemikali ya TNF ambazo bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu, mstari huu huanza kushuka, mara nyingine kabla mgonjwa hajaacha kulalamika. Usiposhuka, la kwanza ni kuuliza kama utumbo kweli umetulia, la pili ni kupima chuma upya na kukijaza. Mtu ambaye utumbo wake umeonekana mzima kwa kamera, chuma chake kimejaa, hana kifua kikuu wala maambukizi mengine, bandama yake haijakatwa, na bado anasoma 700,000 miezi inavyopita, huyo tatizo lake limehamia kwingine, na uboho wenyewe ndio unaopaswa kuchunguzwa.